Kuunda Droni za Kuhifadhi Wanyamapori Kanda ya Ziwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yanatufikia kutoka kwa wanafunzi, mafundi redio na simu wa mjini, viongozi wa vijiji vya Busega na Bunda, na wavuvi wa mialo mbalimbali, yaani fukwe za kushushia samaki. Tumeyajibu kwa namna tunavyofanya kazi sisi wenyewe, kikundi kidogo cha mafundi na wahifadhi tulioko Mwanza. Anayetaka droni ya kupigia picha za harusi atapata machache hapa. Sisi tunazungumzia wanyama na watu wanaoishi nao.

Kwa nini Mwanza? Kazi hii si ya Arusha?

Wanyama wako hapa. Ukisimama Capri Point, ufukweni mwa mji wa Mwanza, unaiona Saanane, kisiwa kilichoanza kama bustani ya wanyama mwaka 1964 na kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2013. Upande wa Geita kuna kisiwa cha Rubondo, hifadhi tangu 1977, yenye sokwe, nzohe, tembo na misitu mikubwa. Serengeti nayo inanyoosha mkono wake wa magharibi hadi karibu na Ghuba ya Speke, na geti la Ndabaka liko pembeni mwa barabara ya Mwanza–Musoma. Halafu kuna viboko, mamba, fisi maji na ndege wa majini ambao hawakai ndani ya mpaka wa hifadhi yoyote.

Watu wapo pia. Chuo cha wanyamapori cha Pasiansi kimekuwa kikifundisha askari wa uhifadhi tangu 1966. Na anga la ziwa hili si geni kwa droni: mwaka 2018 kampuni ya usafirishaji DHL, shirika la maendeleo la Ujerumani GIZ na watengenezaji droni Wingcopter walitangaza matokeo ya jaribio la kupeleka dawa Ukerewe kutoka Mwanza, safari ya kilomita 60 juu ya maji kwa wastani wa dakika 40. Mwaka huohuo wataalamu wa droni walikutana hapa kwa ajili ya Lake Victoria Challenge. Kijana wa Nyakato, hapa Mwanza, anayetaka kuunda droni haanzi na ndoto ya mbali.

Droni moja inaweza kulinda hifadhi nzima?

Hapana, na tunaomba kila mtu apige hesabu hii kabla hajatoa shilingi. Chukua droni ya mabawa inayokwenda mita 15 kwa sekunde na kukaa hewani dakika 40 za kazi. Itasafiri kilomita 36. Kama unataka picha za kuunganisha ziwe ramani, mistari ya safari lazima ikaribiane ili picha zipandane. Tuseme mita 40 kati ya mstari na mstari. Umepata kilomita za mraba 1.44. Rubondo ina takriban kilomita za mraba 457, kwa hiyo ni safari zaidi ya 300. Serengeti yenye kilomita za mraba 14,763 ingehitaji zaidi ya 10,000.

Ndiyo maana kila anayekuja na wazo la "kufunika Serengeti" tunamrudisha kwenye swali lake. Unataka kujua nini, kuhusu mnyama gani, mahali gani, na nani atachukua hatua ukishajua? Mwenye majibu ya hayo manne anaweza kufanya kazi kubwa kwa droni ndogo. Asiye nayo atarudi na maelfu ya picha ambazo hakuna atakayezifungua.

Basi inafaa kwa kazi gani?

Kuhesabu viboko kwenye ghuba moja. Kuangalia mafunjo na matete yaliyokatwa au kuchomwa kwenye mazalia ya samaki. Kufuata magugu maji yanavyosukumwa na upepo kutoka ghuba hadi ghuba. Kukagua njia ya doria kabla askari hawajaingia kwenye kichaka kibaya. Kuona tembo wako upande gani wa shamba usiku. Kupima eka zilizoliwa.

Sokwe nao wanafuatiliwa hivyo, kwa njia isiyo ya moja kwa moja: kila jioni sokwe hujenga kiota kipya juu ya mti, na viota vingine huonekana kutoka juu. Watafiti wamelijaribu hilo kwenye misitu ya magharibi mwa Tanzania. Kabla yao, mwaka 2012, Lian Pin Koh na Serge Wich walichapisha kazi yao ya Sumatra wakionyesha kwamba droni ya kuunga wenyewe, ya chini ya dola 2,000, inaweza kupiga picha za msitu na viota vya orangutani. Kazi ile ilifungua macho ya wengi wetu, kwa sababu vipuri vyao vilikuwa vya madukani, vya watu wanaorusha ndege za kuchezea.

Inakamata majangili?

Haikamati. Askari ndiye anayekamata. Droni inayoona mtego wa waya au moto wa kambi haina maana kama hakuna doria inayoweza kufika pale leo. Tunasisitiza hili kwa sababu fedha za doria zikihamishiwa kwenye droni, wanyama ndio wanaolipa.

Kwa nini niunde wakati zilizokamilika zinauzwa?

Kama unahitaji picha wiki ijayo, kodi au nunua. Tunaunda kwa sababu droni ya uhifadhi inaharibika. Inatua kwenye nyasi ndefu, inagonga jiwe, inaingia matete. Mkono wa droni ya dukani ukivunjika, kipuri kinatoka nje ya nchi na kazi inasimama. Ile uliyoiunda unaujua kila waya wake, na fundi wa mtaani Igoma anaweza kuitengeneza jioni hiyohiyo.

Ubongo wake unapatikana pia. ArduPilot na PX4 ni programu huria, hulipii, na zinafanya kazi kwenye bodi za kuongozea droni za aina ya Pixhawk. Unapanga safari kwenye kompyuta, droni inaifuata yenyewe, na kila kilichotokea angani kinabaki kwenye kumbukumbu yake. Kwa kujifunza hakuna mwalimu bora kuliko kumbukumbu ile.

Ya mapanga manne au ya mabawa?

Inategemea kazi, lakini hesabu ya nishati inasema mengi. Betri ya seli nne yenye mAh 5,000 ina volti 14.8, yaani wati-saa 74. Usitumie zaidi ya asilimia 80, kwa hiyo unazo 59. Droni ya mapanga manne yenye kilo moja na nusu inaweza kula wati 200 ikielea tu: utapata kama dakika 17 au 18. Ya mabawa yenye uzito huohuo ikitumia wati 75 itakaa zaidi ya dakika 45, kwa sababu bawa linaibeba na mota inasukuma tu.

Kwa Saanane, shamba la kijiji, au kundi la viboko, mapanga manne yanatosha: inapaa wima, inasimama hewani, inatua kwenye kipande kidogo cha ardhi. Kwa ufuko mrefu au mbuga ya wazi, chukua mabawa. Ila kumbuka ya mabawa inataka uwanja wa kutua, na ufuko wetu umejaa mawe. Zipo za mchanganyiko zinazopaa wima kisha zikaruka kwa mabawa, kama ile iliyokwenda Ukerewe. Ni nzuri sana, lakini usiianze hiyo kama ndiyo ya kwanza.

Vipuri ninavipata wapi?

Mota zisizo na brashi, vidhibiti vya mota, bodi ya kuongozea, GPS yenye dira na redio utaviagiza. Vingine viko hapa. Mbao nyembamba, skrubu, nyaya, gundi, na stairofomu ileile ya maboksi ya samaki inatengeneza mabawa mazuri ukiifunika kwa utepe. Mwenye printa ya 3D achague plastiki kwa makini: PLA, plastiki ya kawaida ya printa hizo, huanza kulegea kwenye nyuzi joto 60 hivi, na ndani ya gari lililoachwa juani kipande chako kinaweza kupinda. Aina nyingine, PETG, inavumilia zaidi.

Kwenye kulehemu, nyaya nene za betri zinahitaji pasi yenye nguvu. Kiungo kilichofifia na kuwa na vidonge kitaachia angani, siyo mezani. Na ukijaribu mota mezani, toa mapanga kwanza. Kila mara, hata kama ni jaribio la sekunde tano. Panga la plastiki linakata kidole.

Mwinuko wa Mwanza una shida gani?

Uso wa ziwa uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa nyuzi 28, hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa zaidi ya asilimia 10. Mapanga yanashika hewa pungufu, kwa hiyo mota inazunguka kwa kasi zaidi, na nguvu ya kuelea inapanda kwa asilimia 6 au 7. Ya mabawa nayo lazima iende haraka zaidi kwa kiasi hichohicho ili isianguke. Ukisoma kwenye boksi kwamba mota inanyanyua uzito fulani, mtengenezaji huenda alipima karibu na usawa wa bahari. Acha akiba. Sisi tunataka mota zote pamoja ziweze kunyanyua angalau mara mbili ya uzito wa droni ikiwa na betri na kamera.

Upepo wa ziwa je?

Hapa ndipo wageni wengi wanapopoteza droni. Usiku na alfajiri upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani. Kadiri jua linavyopanda, ardhi inapata joto, na kufikia mchana upepo unageuka na kuvuma kutoka ziwani kuja nchi kavu, tena kwa nguvu. Ukirusha asubuhi kwenda ziwani, droni inasukumwa na upepo wakati wa kwenda na inapigana nao wakati wa kurudi, betri ikiwa imeshuka. Asubuhi ni tulivu na picha ni nzuri, kwa hiyo hatukukatazi. Ila kiwango cha betri ambacho droni inaanza kurudi nyumbani kiweke juu zaidi, asilimia 50 na siyo 30.

Mvua za radi za ziwani huja usiku na asubuhi mapema. Wavuvi wanazisoma vizuri kuliko programu za simu. Mzee wa mwaloni akikuambia usubiri, subiri.

Jioni, nyakati fulani, wadudu wadogo wa ziwani hupanda kwa mamilioni kama moshi. Usipite katikati yao. Lenzi inachafuka yote na mota zinajaa.

Naweza kurusha kutoka kwenye mtumbwi?

Unaweza, ukishajua mambo matatu. Kwanza, droni hukumbuka mahali ilipopaa kama nyumbani. Mtumbwi unasogea. Ikipoteza mawasiliano itarudi pale mlipokuwa mwanzoni, na pale sasa ni maji. Badilisha mpangilio ili nyumbani pawe rimoti, au pawe mwamba au ufuko uliouchagua.

Pili, dira. Boti ya chuma inaivuruga. Mtumbwi wa mbao hauna shida, ila kaa mbali na injini.

Tatu, droni nyingi zina kihisi cha chini kinachoangalia ardhi ili kushika nafasi. Juu ya mawimbi kinadanganyika, na droni inaweza kuanza kuelea kufuata maji au kushuka yenyewe. Kizime, tegemea GPS, na usiruke chini sana.

Betri nizitunzeje?

Seli moja ya lithiamu ikijaa ina volti 4.2. Usiiache hivyo wiki nzima. Ihifadhi kwenye volti 3.8 hivi. Iliyovimba haitumiki tena, usiitoboe wala kuitupa dampo ambako kuna watoto wanaookota. Chaji ukiwa unaiangalia, mbali na godoro na mapazia, ndoo ya mchanga ikiwa karibu. Kijijini tunachaji kwa sola au betri ya gari, na ni vizuri kupanga safari za siku kwa kuhesabu chaji badala ya kuhesabu betri.

Nirushe urefu gani ili nimwone mnyama?

Angalia upana wa eneo kwenye picha na idadi ya nukta za kamera. Picha inayofunika upana wa mita 120 kwa nukta 4,000 inatoa sentimita 3 kwa kila nukta. Kiboko mwenye mita tatu atakuwa na nukta 100, huwezi kumkosa. Pimbi juu ya mwamba wa Saanane atakuwa na nukta 15 hivi. Ukijua unachotafuta utamwona. Ndege mdogo hutamjua ni wa aina gani.

Tatizo la kiboko ni kwamba anazama. Anaweza kukaa chini dakika kadhaa, kwa hiyo picha moja ni hesabu pungufu. Pita juu ya kundi mara kadhaa, hesabu kila mara, na andika idadi ya juu kabisa pamoja na zile nyingine. Epuka saa za jua la utosini, maji yanapong'aa kama kioo na kuficha kila kitu. Saa moja hadi saa tatu asubuhi ni muda mzuri.

Kamera ya joto inafaa Mwanza?

Inafaa, lakini mawe yetu yana tabia zake. Majabali haya ya itale hunywa jua mchana kutwa na kutoa joto hadi usiku. Saa mbili usiku kwenye kamera ya joto, mlima wa Mwanza unang'aa wote, na swala aliyelala katikati ya mawe haonekani. Subiri alfajiri, saa kumi na moja, mawe yanapokuwa yamepoa na mnyama bado ana joto lake. Kwenye mbuga tambarare za Busega tatizo hili ni dogo.

Kamera ya joto haioni ndani ya maji. Kiboko aliyezama hayupo.

Tembo wanaingia mashambani kwetu. Droni itawafukuza?

Swali hili linatoka kwa watu waliolala njaa kwa sababu ya tembo, kwa hiyo tunalijibu kwa urefu.

Ndiyo, tembo wengi huikimbia droni. Mwaka 2017 watafiti walichapisha matokeo ya majaribio yaliyofanyika kandokando ya hifadhi za Tanzania, upande wa Tarangire na Manyara na upande wa Serengeti, na tembo waliondoka mashambani. Sababu moja inayotajwa ni sauti. Ilishaonekana tangu 2007, katika utafiti wa Lucy King na wenzake nchini Kenya, kwamba tembo hukimbia wakisikia sauti ya nyuki waliochokozwa, na mngurumo wa mapanga unafanana na nyuki.

Faida kubwa ni kwa binadamu. Mkulima mwenye tochi na debe anamsogelea tembo gizani. Mwenye droni anasimama mbali, anaona wako wangapi na wanaelekea wapi. Hilo pekee linaokoa maisha.

Lakini kuna masharti. Lazima tembo wawe na njia ya kutokea, na njia hiyo isipite kijiji cha pili. Tumeona vijiji vikigombana kwa sababu kimoja kimesukuma tembo kwenye mtama wa mwenzake. Viongozi wa vijiji vyote wakae kwanza, wakubaliane upande wa kusukumia. Usimfuate jike mwenye ndama kwa karibu. Usiendelee kumfukuza tembo aliyekwisha kutoka shambani, akishatoka acha. Na kazi hii ifanywe pamoja na askari wa wanyamapori, kwa sababu tembo aliyegeuka kwa hasira hasimamishwi na kifaa cha kilo moja na nusu.

Tembo pia wana akili na wanazoea. Droni inayorushwa kila usiku bila sababu itakuwa kelele tu. Iende pamoja na uzio wa pilipili, mizinga ya nyuki na walinzi wa zamu.

Na kama mazao yameshaliwa, piga picha za shamba asubuhi. Kanuni za kifuta jasho na kifuta machozi, malipo ya serikali kwa walioathiriwa na wanyamapori, zinahitaji tathmini ya uharibifu, na ramani inayoonyesha eka zilizoliwa inampa mkulima kitu cha kuweka mezani pamoja na taarifa ya ofisa. Haichukui nafasi ya ofisa huyo, lakini inapunguza ubishi.

Droni haisumbui wanyama?

Inasumbua, na wakati mwingine huoni. Watafiti wa Marekani waliwawekea dubu vifaa vya kupima moyo, wakachapisha mwaka 2015: dubu wengi hawakukimbia wala kusogea, ila mioyo yao ilikwenda mbio, mmoja akapanda kutoka mapigo 41 hadi 162 kwa dakika. Nyumbu anayeendelea kula chini ya droni yako si lazima awe ametulia.

Paa mbali na mnyama, ukiwa umefika juu ndipo umsogelee, tena kwa mstari ulionyooka. Usimshukie kutoka juu, ndivyo anavyoshuka mwewe. Akiinua kichwa na kukazia macho, umeshakaribia mno. Usirushe kabisa juu ya makundi ya mnandi na yangeyange wakati wa kuatamia: wazazi wakiruka, mayai yanabaki kwenye jua na kunguru wako tayari. Furukombe naye analinda anga lake na anaweza kuishambulia droni. Akianza kuizunguka, ondoka.

Vibali ni vipi?

Anza na TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Droni inasajiliwa na kila shughuli inaombewa kibali, na suala la usalama linapita pia Wizara ya Ulinzi. Kuiunda mwenyewe hakukuondolei wajibu huu. Ndani ya hifadhi ya taifa, Saanane ikiwemo, hurushi bila TANAPA. Mapori ya akiba ni TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori. Kama ni utafiti, kuna TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, na COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Uliza kuhusu masafa ya redio TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kabla hujaagiza, maana kifaa kinaweza kuwa cha masafa yasiyoruhusiwa. Dari la kawaida ni futi 400, karibu mita 120, na unatakiwa kuiona droni yako wakati wote isipokuwa umepewa ruhusa maalumu.

Mwanza kuna jambo la ziada: uwanja wa ndege uko Ilemela, kandokando ya ziwa, na ndege zinashuka juu ya maji. Sehemu kubwa ya ufuko wa mjini iko karibu na njia hizo. Usijaribu droni mpya Ilemela. Tafuta uwanja ulio mbali na mji, umpe taarifa mwenyekiti wa mtaa au kijiji, na ubebe karatasi zako zote.

Inachukua muda. Anza maombi siku unayoanza kuunda.

Wavuvi wanadhani tunawapeleleza. Tufanyeje?

Wana sababu. Watu wa mialo wameona nyavu zikichomwa moto, na kitu kinachonguruma juu ya mtumbwi hakiwezi kuwa habari njema kwao hadi waambiwe vinginevyo. Wengi wao wanazichukia nyavu haramu, makokoro na timba, kuliko sisi, kwa sababu wanaona samaki wanavyopungua mbele ya macho yao.

Kabla ya kurusha, nenda mwaloni. Zungumza na BMU, kikundi cha wavuvi cha kusimamia mwalo, onyesha droni, waache waishike, waonyeshe picha inavyotoka na nani ataiona. Sema wazi ni kazi ya kuhesabu viboko, kisha usiitumie picha ileile kumpelekea mtu polisi. Kama shughuli ni ya doria, iitwe doria tangu mwanzo, na iendeshwe na wenye mamlaka. Ukichanganya mawili haya mara moja tu, hakuna mwalo utakaokupokea tena, na watakuwa na haki.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inahusu picha za watu wanaotambulika. Wanaooga ziwani, wanawake wanaofua, watoto: futa. Rudisheni matokeo kwa wanakijiji, ramani iliyochapwa na kubandikwa ofisini kwao.

Picha nikishapata, nazifanyia nini bila intaneti nzuri?

OpenDroneMap inaunganisha picha kuwa ramani kwenye kompyuta yako mwenyewe, bila kupakia chochote. Inataka kompyuta yenye kumbukumbu (RAM) kubwa, gigabaiti 16 au zaidi kwa kazi ndogo. Halafu programu ya ramani ya QGIS kwa kuchora, kupima na kuhesabu. Zote ni bure. Zanzibar waliweza kupiga picha visiwa vyao kwa droni kuanzia 2016, wakiwatumia vijana wao wa chuo kikuu.

Taja picha kwa tarehe, mahali na saa siku hiyohiyo. Na usiweke hadharani mahali halisi wanapokaa wanyama wanaowindwa. Picha nyingi hubeba vipimo vya GPS ndani yake. Viondoe kabla ya kuituma hata kwenye kundi la WhatsApp.

Nani anaweza kujifunza?

Yeyote mwenye subira. Anza na programu ya kuigiza urushaji kwenye kompyuta, uanguke hapo mara nyingi bila gharama. Kwenye timu tunataka fundi, mtu wa kompyuta, na mtu anayejua wanyama kwa kuishi nao. Huyu wa tatu ndiye adimu, na mara nyingi ni askari mstaafu au mvuvi. Wasichana waje, tena waje wengi.

Droni ikianguka ziwani?

Weka alama ya mahali mara moja kwenye GPS ya rimoti. Kama ulifunga vipande vya boya chini ya mikono yake, itaelea, na utepe wa rangi ya chungwa utakusaidia kuiona. Usiingie majini kuifuata, mamba wapo, omba mtumbwi. Ukiipata, chomoa betri kabla ya jambo lolote na iweke peke yake nje, mbali na nyumba, kwa siku kadhaa, kwani inaweza kuwaka baadaye. Maji ya ziwa hayana chumvi ya bahari, kwa hiyo bodi na mota mara nyingi hupona zikioshwa kwa maji safi na kukaushwa kikamilifu kabla ya kuwashwa. Toa kadi ya kumbukumbu, ikaushe, usome rekodi ya safari uone volti, upepo na amri ya mwisho, kabla hujabadilisha kipuri chochote.